Wasomaji Wauliza: Kibao cha Queen cha dakika 5 na sekunde 55

Toleo lililopita lilikuwa na makala fupi kuhusu "Bohemian Rhapsody", singo ya bendi ya roki ya Uingereza, Queen, iliyotoka mwaka 1975. Barua zilizofuata ni nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo, na wengi walioandika ni watu wanaoimba, wanaopiga vyombo au wanaorekodi hapa Mombasa. Tumechagua barua zinazouliza kazi yenyewe ilifanywaje. Kwa asiyeujua wimbo huu: hauna kiitikio. Unaanza kwa sauti tupu, unaingia ubeti wa taratibu wa kinanda, inafuata solo ya gitaa, kisha dakika nzima ya uimbaji wa kiopera, kisha roki nzito, na mwisho unatulia polepole hadi upatu unapolia.

Assalaam aleikum. Hapa kwetu watu wanabishana. Wengine wanasema wimbo ni wa bendi nzima, wengine wanasema ni wa yule mwimbaji mzaliwa wa Unguja peke yake. Na neno "Bismillah" limeingiaje mle? — Msomaji, Mji wa Kale

Waleikum salaam. Mtunzi ni mmoja: Freddie Mercury. Jina lake la kuzaliwa ni Farrokh Bulsara, na alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, tarehe 5 Septemba 1946, katika familia ya Waparsi wenye kufuata dini ya Zarathustra. Alisomeshwa bweni Panchgani, India, na huko ndiko alikojifunza kinanda na kupiga katika bendi ya shule iliyoitwa The Hectics. Baada ya Mapinduzi ya 1964 familia ilihamia Feltham, karibu na London. Queen iliundwa mwaka 1970: yeye, Brian May wa gitaa na Roger Taylor wa ngoma, John Deacon wa besi akaingia mwaka 1971.

Wenzake walichangia sauti na upigaji, na solo ya gitaa ni ya May, lakini ramani ya wimbo mzima ilitoka kwa Mercury. Msidhani uliteremka kichwani mwake siku moja. Rasimu zake zilipigwa mnada London mwaka 2023. Aliandika juu ya karatasi za kalenda ya mwaka 1974 ya shirika la ndege la British Midland, akikata na kuandika upya, na katika ukurasa mmoja jina lilikuwa "Mongolian Rhapsody" kabla hajalifuta.

Neno "Bismillah" limo ndani ya sehemu ya opera, mahali ambapo makundi mawili ya sauti yanamgombania kijana, hawa wanataka aachiwe, wale wanakataa. Limekaa pamoja na majina ya Galileo, Figaro na Scaramouche. Mercury hakukubali kamwe kueleza maana ya wimbo, na sisi hatuoni haki ya kumwekea maneno mdomoni. Kwa mtoto aliyekulia Unguja, ni neno alilolisikia kila siku, awe Mwislamu au asiwe.

Nina studio ndogo Kisauni: kompyuta, maiki moja ya kondensa, chumba kimoja. Nikipanga sauti yangu mara nyingi bado inasikika kama mtu mmoja aliyeongezwa sauti. Hawa jamaa walikuwa watatu tu. Waligeukaje umati? — Prodyuza, Kisauni

Tunashuku unaimba mara moja halafu unanakili. Hapo ndipo wengi wanapokwama. Ukinakili traki ileile na kuiweka juu ya mwenzake, unapata desibeli 6 zaidi na basi, hupati upana. Ukiisogeza nakala kwa milisekunde 10 ili "ipanuke", mawimbi yanafutana katika baadhi ya masafa na sauti inakuwa kama ya mtu anayeimba ndani ya bomba. Sikio hutambua umati kwa tofauti ndogondogo za wakati, za pumzi na za urefu wa nota kati ya mwimbaji na mwimbaji. Nakala haina tofauti hizo.

Queen walianza kurekodi Agosti 1975 katika studio ya Rockfield, karibu na Monmouth, Wales, wakamalizia katika studio za London. Prodyuza alikuwa Roy Thomas Baker, ambaye kabla ya hapo, alipokuwa kampuni ya Decca, aliwahi kufanya kazi na kundi la opera la D'Oyly Carte. Kwa hiyo hakuogopa opera. Sehemu hiyo peke yake ilichukua takriban wiki 3. Mercury, May na Taylor waliimba saa 10 hadi 12 kwa siku, na sauti zilizowekwa juu ya nyingine zilifika 180. Deacon hakuimba. Mercury alikuwa na nguvu katikati, Taylor alipanda juu mno, May alishika chini. Lakini sauti za mwanzo kabisa wa wimbo, zile zisizo na chombo, zote ni za Mercury mwenyewe zilizopangwa, ingawa kwenye video mnawaona wote wanne wakifungua midomo.

Kwa chumba chako, fanya hivi. Weka mradi kwenye biti 24 na kiloherzi 48. Tayarisha kinanda cha kuongoza na mlio wa kuhesabu mapigo, vyombo vyote nota yake ya A iwe herzi 440. Zima feni, na hili ulizingatie kuliko maiki ya bei: kila traki unayoiongeza huleta mvumo wake, na traki 12 zinaupandisha mvumo huo karibu desibeli 11. Joto la Kisauni tunalijua. Rekodi kwa vipande vya dakika chache, washa feni mkipumzika, zima tena. Ning'iniza mablanketi mazito nyuma ya waimbaji, maana maiki husikia ukuta ulio nyuma ya anayeimba.

Tafuta wenzako wawili. Simameni nusu duara, sentimita 60 kutoka kwenye maiki, na wote watatu muimbe mstari mmoja kwa nota moja. Usiwape kila mmoja sauti yake. Mkimaliza, uimbeni tena wote, halafu mara ya tatu, na kila mara mbadilishane nafasi. Kisha nendeni kwenye sauti ya pili, ya tatu na ya nne kwa utaratibu huohuo. Mistari 4 mara 3 ni traki 12, na kwa watu watatu unapata sauti 36. Acha kilele cha kila traki kisizidi desibeli 12 chini ya ukomo, la sivyo zikijumlishwa zitapasuka.

Konsonanti ndizo zitakazokuumbua. "S", "t" na "k" za watu 36 zikipishana kidogo zinasikika kama changarawe. Chagua traki moja iwe na konsonanti kamili. Katika nyingine zote waimbaji walegeze mwanzo na mwisho wa neno, waache irabu tu. Kisha kata kila kitu kilicho chini ya herzi 100 kwenye sauti za juu, tawanya traki kushoto na kulia, sauti ya chini kabisa ikae katikati, na zote zipite kwenye mkondo mmoja wa kubana, yaani wa kupunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo, ili zipumue pamoja. Mwangwi uwekwe mwishoni, na kidogo. Programu ya kunyoosha nota usiipitishe kwenye traki zote: ukizinyoosha zote 12, umeziua zile tofauti ulizozitafuta.

Kuna kipande kimoja cha kufundishia hasa, neno "Magnifico". Sauti haziingii pamoja. Moja inaanza na kushikilia nota yake, ya pili inaingia juu ya hiyo na kushikilia, ya tatu vilevile, mpaka nota za kodi (nota kadhaa zinazolia pamoja) zote zimejaa, mfano wa kengele zinazogongwa kwa zamu. Rekodi kila mwingio kwenye traki yake ili uweze kuusogeza mpaka nafasi kati ya mmoja na mwingine zilingane.

Ni kweli kanda ya wimbo huu iliisha mpaka ikaonekana upande wa pili? Au ni chumvi ya watu wa magazeti? — Msomaji, Tudor

Brian May amelieleza mwenyewe, na kwa anayejua kanda, halishangazi. Kanda ya sumaku ni utepe wa plastiki uliopakwa chembe za oksaidi ya chuma, na sauti imo ndani ya chembe hizo. Kila inapopita kwenye vichwa vya mashine inasuguliwa. Mashine yao ilikuwa na traki 24. Ukiwa na sauti 180 unalazimika kujaza traki kadhaa, kuzichanganya ziwe moja au mbili, kufuta zile za kwanza na kuanza kujaza tena. Kanda ileile ikapita mamia ya mara, chembe zikakatika, na walipoiinua kwenye mwanga waliona ng'ambo.

Tena kila unapohamisha unaongeza mchakacho wa kanda na kupoteza ung'avu wa juu, na baadhi ya sauti za sehemu ya opera zilikuwa zimekwisha kunakiliwa hadi kizazi cha 8. Na ukishachanganya, hurudi nyuma: kosa la sauti moja kati ya kumi haliondoki bila kuimba zote kumi upya. Kwa hiyo uamuzi wa nani awe juu na nani awe chini ulifanywa palepale, kabla wimbo haujakamilika. Anayerekodi kwa kompyuta leo anaweza kuahirisha kila uamuzi hadi mwisho, na nyimbo nyingi zinadumaa kwa sababu hiyo.

Mimi ni mwalimu wa kwaya. Vijana wangu wanataka kuuimba kwenye tamasha, sauti nne na kinanda. Tumejaribu na kila mara tunafika mwisho wa utangulizi tumeshuka. Tunakosea wapi? — Mwalimu, Changamwe

Mwalimu, mahali mnapoanguka tunapajua bila kuwasikia. Utangulizi uko kwenye ufunguo wa B flati. Karibu na mwisho wake kuna maneno mafupi manne, na katika hayo sauti zote zinatembea sambamba: kodi inakaa nusu toni juu ya do, inarudi kwenye do, inashuka nusu toni chini, inarudi kwenye do. Kwaya iliyolelewa kwa do-re-mi haina mazoea ya kuhama nzima kwa nusu toni. Ikipanda haifiki, ikishuka inapitiliza, na kwa kuwa kinanda kimeshajiunga kabla ya hapo, upungufu unasikika na kila mtu.

Dawa ni kufundisha kipande hicho peke yake kwa siku kadhaa bila maneno, kwa "nu" tu, besi wakiwa wa kwanza. Besi wakishika hatua zile tatu barabara, waongeze sauti ya tena, ile ya juu ya wanaume, kisha alto, soprano mwisho. Usipige kinanda pamoja nao. Wapigie do, waache watembee na kurudi, kisha piga do tena wajihukumu wenyewe. Angalia pia hesabu: kwenye utangulizi kuna kipimo kinachotoka mapigo 4 kwenda 5, na anayeongoza kwa mkono wa mazoea atawaingiza kabla ya wakati.

Ramani ya funguo ni hii: B flati kwenye utangulizi na ubeti, E flati kwenye solo ya gitaa, A meja opera inapoanza, E flati tena kwenye roki, na wimbo unafia kwenye F. Kutoka E flati kwenda A ni umbali usio na jamaa, na kwenye rekodi ni kinanda kinachoingia kwa kodi fupifupi ndicho kinachowaonyesha waimbaji njia. Mpiga kinanda wako asiingie kwa woga hapo. Kama kinanda chenu ni cha funguo 61, funguo hizo huanzia C, kwa hiyo B flati iliyo chini yake haimo. Ama azime kinanda kikubwa, ama ashushe oktavo kwa kitufe katika ubeti na kurudisha kabla ya opera, na hilo alifanyie mazoezi mpaka lisimsumbue.

Opera ifundisheni kwanza, si mwisho, kwa mwendo wa nusu, mkitamka maneno bila nota. Yale majibizano ya "Galileo" gawa makundi mawili yanayotazamana, juu na chini, wasiwe wamechanganyika. Mwisho wa opera kuna B flati ya juu kabisa ambayo Roger Taylor aliipanda kwa sauti ya kichwani. Soprano wawili au watatu wenye uwezo waipande, waliobaki waimbe oktavo chini. Mkiilazimisha kwaya nzima mtapata kelele, na shingo za watoto zitaumia.

Kwa nini gitaa la yule mzee halisikiki kama la mwingine yeyote? Na mbona nyuzi zangu zina kutu kila mwezi? — Mpiga gitaa, Nyali

Alilitengeneza mwenyewe. Brian May na baba yake Harold walianza kulichonga mwaka 1963 wakiwa nyumbani. Shingo ni ya mbao ya mahogani iliyotolewa kwenye fremu ya jiko kuukuu la kuotea moto, na springi za mkono wa kutetemesha ni za vali za pikipiki. Hapigi kwa kipande cha plastiki bali kwa sarafu ya zamani ya Uingereza ya peni 6, yenye ukingo wa meno. Meno hayo yakigusa uzi kwa ulalo yanatoa mkwaruzo mdogo mwanzoni mwa kila nota. Ukitaka kujaribu, tumia sarafu ya metali laini, kwa kuwa chuma kigumu kinakula nyuzi. Kutoka hapo sauti inapita kwenye kifaa cha kuongeza ukali wa juu, kisha amplifaya ya Vox AC30 iliyofunguliwa karibu yote. Wati 30 za namna hiyo ni nyingi mno kwa ukumbi mdogo. Igeuze itazame ukuta au chukua ndogo zaidi.

Solo ya wimbo huu iko kwenye traki moja tu, haikupangwa juu ya nyingine. May aliitunga iwe wimbo wake wenyewe, isirudie ubeti. Rifu ya roki, yaani kile kifungu kifupi cha gitaa kinachorudiwa, kinyume chake, Mercury aliizua kwenye kinanda katika E flati, ndiyo maana haikai vizuri mkononi: nyuzi zilizo wazi hazikusaidii karibu popote. Usilegeze gitaa nusu toni ili ikurahisikie, utaivuruga solo.

Kutu ni unyevu wa pwani na chumvi pamoja na jasho. Futa kila uzi kwa kitambaa kikavu, juu na chini yake, kila umalizapo kupiga. Gitaa lihifadhiwe ndani ya kasha lililofungwa pamoja na vifuko vya silika, visiguse mbao, na uvikaushe au uvibadilishe vikilowa. Mbao hupenda unyevu wa asilimia 45 hadi 55, na Mombasa mara nyingi tuko juu ya hapo. Shingo ikijaa maji inapinda na nyuzi zinanyanyuka.

Wimbo mrefu hivyo ulipitaje redioni? Sisi tukipeleka wa dakika 4 tunaambiwa tuukate. — Msanii, Likoni

Hata wao waliambiwa ni mrefu mno, na walikataa kuukata. Kilichowaokoa ni hamu ya watu iliyotangulia santuri kufika dukani. Kabla ya kutoka, mtangazaji Kenny Everett wa Capital Radio ya London alipewa nakala akiombwa asiipige. Akaanza kuonjesha vipande, kisha akaupiga mara 14 katika siku mbili za mwisho wa wiki. Watu wakaenda madukani kuitafuta santuri ambayo haikuwa imetoka bado. Ilipotoka tarehe 31 Oktoba 1975, hoja ya urefu ilikuwa imejibiwa na wanunuzi.

La pili ni picha. Bendi ilikuwa inajiandaa kwa ziara na isingeweza kwenda studio ya televisheni kila wiki, tena ni nani angesimama jukwaani kujifanya anaimba sauti 180? Tarehe 10 Novemba, huko Elstree walikokuwa wakifanya mazoezi, mwongozaji Bruce Gowers aliwapiga video kwa takriban saa 4 na gharama ya karibu pauni 4,500. Nyuso zinazozidishana zilitokana na lenzi yenye pande nyingi, na zile zinazofuatana kama mkia zilipatikana kwa kuielekeza kamera kwenye skrini inayoonyesha picha ya kamera ileile. Haikuwa video ya kwanza ya muziki duniani, msikubali kudanganywa. Ila ilionyesha makampuni kwamba picha inaweza kusafiri badala ya bendi.

Wimbo ulishika namba 1 Uingereza mwishoni mwa Novemba ukakaa wiki 9, na nakala zilipita milioni 1 kufikia Januari 1976. Marekani ulifika namba 9. Mercury alipofariki tarehe 24 Novemba 1991 ulitolewa tena, ukarudi namba 1 kwa wiki 5, mapato yakaenda kwa Terrence Higgins Trust, shirika la kuwasaidia wenye ukimwi. Mwaka 1992 filamu ya vichekesho "Wayne's World" iliuinua Marekani hadi namba 2, juu kuliko mara ya kwanza. Na Desemba 2018, baada ya filamu ya maisha yao, ulitangazwa kuwa wimbo wa karne ya 20 uliosikilizwa zaidi mtandaoni.

Kwako wewe wa Likoni: usibishane na mtangazaji kuhusu dakika. Mpe sekunde 30 zinazomwacha msikilizaji akitaka kujua kinachofuata, na umpe wimbo kamili pembeni.

Ni wimbo gani uliowatoa kileleni? — Msomaji, Mtwapa

"Mamma Mia" wa ABBA, mwishoni mwa Januari 1976. Na ndiyo, maneno hayohayo yamo ndani ya opera ya Queen.

Tuna kibao chetu, "Jambo Bwana". Kwa nini hamkilinganishi na hicho? — Msomaji, Bamburi

Kwa sababu vimetengenezwa kwa nia tofauti, na vyote viwili vimefanikiwa. "Jambo Bwana" wa Them Mushrooms, uliotungwa na Teddy Kalanda Harrison na kutoka mwaka 1982, ulikusudiwa mgeni wa hoteli za pwani aushike akiusikia mara ya kwanza na aimbe kabla haujaisha. Mwaka uliofuata Boney M walikuwa wameshatoa wa kwao. Wimbo wa Queen huwezi kuuimba wote peke yako hata ukiujua. Ugumu na urahisi vyote ni ufundi, na tunaona kuandika wimbo mwepesi unaodumu zaidi ya miaka 40 si kazi ndogo hata kidogo.

Bendi yetu inapiga hotelini. Wageni wanauomba kila Jumamosi. Sehemu ya opera tunaifanyaje tukiwa watu 5? — Kiongozi wa bendi, Shanzu

Queen wenyewe hawakuiimba jukwaani. Opera ilipofika, walitoka, taa zikabaki, kanda ikapigwa, na roki ilipoanza wakarudi kwa kishindo. Nanyi msione haya.

Kipande hicho kwenye rekodi kinaanza dakika 3 na sekunde 5 na kuisha dakika 4 na sekunde 7, yaani sekunde 62. Tengenezeni chenu kwa njia tuliyomweleza prodyuza wa Kisauni. Faili liwe na muziki upande wa kushoto, na kulia mlio wa mapigo kwa masikio ya mpiga ngoma tu. Mlio huo uendelee vipimo viwili baada ya opera kwisha, ili roki iingie kwa mwendo sahihi. Mpiga ngoma ndiye abonyeze, si fundi wa mitambo aliye mbali na jukwaa. Mwimbaji akiomba kushusha ufunguo, faili nalo lishushwe kiasi hichohicho. Hili husahaulika sana, na roki inapoingia bendi iko toni moja chini ya opera.

Stima ikipotea, jenereta huchukua sekunde kadhaa kuwaka. Kompyuta ya mkononi itaendelea kwa betri, lakini kisanduku cha sauti chenye waya wake wa umeme kitazimika, kwa hiyo tumieni kinachokula umeme wa kompyuta kupitia USB. Zima mtandao na arifa zote. Na upatu wa mwisho ugongwe na mtu, tena kwa ulaini. Hata kifuniko kikubwa cha sinia ya shaba kinafaa kuliko mlio wa kompyuta.

Tukiurekodi upya na kuuweka mtandaoni tunahitaji ruhusa ya nani? — Barua kutoka kwa bendi mbili, Shanzu na Nyali

Kuna haki mbili, msizichanganye. Ya kwanza ni ya utunzi, yaani maneno na muziki. Ya pili ni ya rekodi ile ya 1975. Mkiupiga hotelini, leseni ya maonyesho ni jukumu la mwenye ukumbi, naye huipata kwa chama cha kukusanya mirabaha kilichoidhinishwa na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO. Mwombeni meneja awaonyeshe. Mkiurekodi kwa sauti zenu, mnagusa utunzi peke yake, na mnahitaji idhini ya wenye utunzi kabla ya kusambaza. Mkichukua opera ya Queen yenyewe kutoka kwenye albamu na kuibandika katikati ya wimbo wenu, mmegusa zote mbili, na mitambo ya mtandao itaitambua mara moja: video itafungwa au mapato yataenda kwa wenyewe.

Kwa sheria ya Kenya hakimiliki ya utunzi hudumu uhai wa mtunzi na miaka 50 tangu mwisho wa mwaka aliofariki. Mercury alifariki 1991, kwa hiyo hapa kwetu hesabu inafika mwisho wa 2041. Nchi nyingi hutoa miaka 70, na video ikishakuwa mtandaoni inaonekana huko pia, basi fuateni ule muda mrefu zaidi.